Kadi Iliyojaa Siku Moja

Ko.

Ndivyo kinavyolia kigae ambacho chini yake kuna pengo. Kigae kilichoshiba saruji, ukikigonga kwa mpini wa mwiko, hujibu ti, kifupi na kikavu, kama mtu asiye na la kuficha. Kisichoshiba hujibu ko, na ile ko hubaki sikioni kama mtu aliyekuita halafu akanyamaza.

Fundi Magoti aliijua sauti hiyo tangu siku za kujifunza kazi, kaka yake alipomfunga kitambaa machoni, akampigisha magoti kwenye sakafu mpya, akamwambia: "Gonga kimoja kimoja. Kimojawapo kinadanganya. Hufungui macho mpaka ukipate." Ilimchukua asubuhi nzima. Alipokipata, kaka yake alicheka, akakibandua, akaweka saruji nyingine.

Sasa alikuwa na miaka arobaini na mmoja, na alikuwa akiisikia mahali ambapo hapakuwa na kigae hata kimoja. Chumba chake kilikuwa cha sakafu ya saruji tupu, imepasuka karibu na mlango. Sauti ilikuja saa nane za mchana, wakati wa jua kali, uani hakuna mtu, mama yake amelala chumba cha pili, ndoo zimefunikwa, hata kuku wamejibana kivulini. Ko, kwenye kona chini ya dirisha. Kimya. Ko, hatua moja huku. Ilikwenda kwa safu, kama fundi anavyokagua kazi yake, kutoka ukuta wa mbali kuelekea mlangoni. Naye aliutambua mkono uliokuwa ukigonga. Mbili za haraka, halafu moja iliyochelewa kidogo, kwa sababu mwenye mkono huo alikuwa na kawaida ya kutega sikio kabla ya kugonga ya tatu.

Mwenye mkono huo alikuwa na miaka sita kaburini.

Jina la Magoti alipewa zamani, kabla goti halijamgeuka. Alilipata kwa sababu kazi yake yote aliifanyia magotini, na wateja walizoea kuona utosi wake kuliko uso. Kaka yake kitongoji kizima kilimwita Timazi, kwa kuwa hakuwahi kupindisha ukuta wala neno. Watu walisema, ukiwaita hao wawili nyumbani kwako, mmoja ataisujudia sakafu na mwingine ataisahihisha. Timazi alipima, alikata, alivuta uzi. Magoti alilaza. Hivyo ndivyo walivyokula, na hivyo ndivyo Timazi alivyooa, akamjengea mama yao vyumba viwili, akaanza kukohoa.

Goti la kushoto lilimwanza Magoti miaka minne baada ya mazishi. Hakuna aliyeshangaa. Fundi wa vigae asiyeumwa goti huyo ni tapeli. Alipaka dawa za kuchua, akalifunga kitambaa, akajikatia kipande cha godoro awe anakipigia magoti. Muuza dawa wa pale barabarani alimdunga sindano tatu, moja kila Ijumaa, na kila Jumamosi Magoti aliamini amepona. Goti likavimba lisipate joto. Ukilishika, lilikuwa baridi kama mkate uliolala. Juu yake paja likayeyuka kidogo kidogo, mpaka suruali ya upande ule ikawa inapeperuka. Alikuwa akiamka shuka imelowa jasho. Mwaka mmoja na miezi minane ulipita hivyo, kabla hajakubali kupandishwa gari na kupelekwa hospitali kubwa.

Walilipiga picha, wakanyonya maji yake, mwisho wakampasua wakachukua kipande kidogo cha nyama ya ndani, wakakipeleka maabara. Alisubiri wiki tano mguu ukiwa kwenye plasta.

"Ni TB," alisema daktari, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi. "Imeingia kwenye kiungo, imeanza kula mfupa."

"Mimi sikohoi, daktari."

"Goti halikohoi."

Muuguzi aliyekuwa kando, ambaye wote walimwita Sista, aligeuza uso akacheka kidogo. Daktari hakucheka. Alisema si TB ya kawaida, ni ile iliyo sugu, kwamba zile dawa mbili kubwa zinazotegemewa haizisikii tena. Zipo nyingine. Ni nyingi, ni kali, na ni za miezi kumi na minane. Akizimeza zote goti linaweza kubaki goti. Asipozimeza, watazungumza habari za msumeno. Kisha akachukua kalamu.

"Nyumbani kwenu kuna mtu aliwahi kuugua?"

"Kaka yangu."

"Mlikuwa mnaishi pamoja?"

"Tulikuwa tunalala kazini pamoja. Juu ya mifuko ya saruji."

"Alimaliza dawa?"

Magoti aliangalia sakafu ya chumba kile. Vigae vya kijivu, vimelazwa na mtu mwenye haraka.

"Kadi yake ilijaa," alisema.

Daktari akaandika: alimaliza. Magoti alilitazama neno lile kichwa chini, likimkabili kutoka upande wa pili wa meza. Hakuwa amesema uongo. Kadi ilikuwa imejaa kweli.

Fundi wa vigae halazi kigae mpaka amepiga alama chumba kizima. Huvuta uzi, huchora kwa penseli mistari ya kwenda na ya kukata, hata sakafu yote iwe visanduku, na kila kisanduku kiwe na alama yake: hiki kizima, hiki cha kukatwa, hiki cha kona. Akishapiga alama, moyo wake hutulia. Kazi anaiona imekwisha, imebaki mikono kuifuata. Ndugu hao wawili walifanya hivyo maisha yao yote, wala hawakujua njia nyingine ya kuanza jambo.

Ndiyo maana, Timazi alipoanza dawa na Magoti akateuliwa kumsimamia kila anapomeza, Sista wa wakati ule alipompa kadi yenye visanduku thelathini, kimoja kwa kila siku, Magoti alikaa nayo kizingitini tarehe moja ya mwezi, akachukua penseli iliyokuwa sikioni, akapiga alama ya vema kwenye visanduku vyote. Alifanya kwa nia njema. Alikuwa akiupangia ugonjwa wa kaka yake kazi. Timazi aliitazama kadi akasema, "Safi. Imenyooka," na wote wawili wakaona kama nusu ya safari imeisha.

Mwezi wa kwanza mikono iliifuata alama. Wa pili pia. Kisha ikaja kazi ya ukumbi.

Ulikuwa ukumbi mkubwa wa jengo la ofisi, mita ishirini na mbili kwa kumi na tano, na tarehe ya ufunguzi ilikuwa imekwisha kutangazwa. Dawa zilimchafua Timazi tumbo. Akizimeza asubuhi, mpaka saa sita alikuwa ameinamia ndoo badala ya uzi, na viungo vinamuuma asiweze kuchuchumaa. Siku moja alivishika vidonge kiganjani, akavitazama, akasema, "Leo vipumzike. Kesho nitameza." Kifua kilikuwa kimeshanyamaza, mwili umeanza kurudi. Magoti alisema, "Kaka, kadi." Timazi akasema, "Kadi si umeshaijaza?"

Na hapo hapakuwa na kisanduku kitupu cha kuwasuta. Laiti kimoja kingebaki wazi, kingewakodolea jicho jioni nzima. Siku iliyorukwa ilifanana kabisa na siku iliyomezwa. Wakaruka mbili. Wakaruka wiki. Wakameza siku tatu, wakaruka tano. Pakiti zilipaswa kurudishwa tupu, kwa hiyo vidonge vilitolewa, na kwa kuwa Timazi hakupenda kitu kizagae kwenye kazi yake, alivikandamiza kwa kidole ndani ya saruji mbichi, akashusha kigae juu, akagonga. Magoti alikuwa amepiga magoti kando yake. Ndiye aliyekuwa akimpa kigae.

Vijidudu vilivyopigwa nusu nusu vikajifunza kukwepa ngumi. Kifua kilirudi kikiwa na hasira. Timazi alipolazwa zilikuwa zimebaki siku tisa za kuishi, na hapakuwa na muda wa kupima lolote.

Mke wa Timazi hakuwapo. Hilo ndilo lililokuja kuwa jiwe la nyumba ile. Mama yake mzazi alikuwa ameanguka akavunjika nyonga, naye ndiye binti pekee. Kabla ya kuondoka aliichukua kadi ya mumewe, akaipitisha kidole safu kwa safu, akaona imejaa mpaka siku ile, ambayo ilikuwa ya mwisho wa mwezi, akasema, "Mungu mkubwa, mwenzangu anameza vizuri." Akaenda miezi miwili. Aliporudi kwa simu ya haraka alikuta viti vya kuazima vimepangwa uani.

Mama mkwe hakumpigia kelele. Alisema mara moja tu, mbele ya watu: "Mume anakufa, mke yuko kwao." Na maneno yale yakakaa. Miaka sita shemeji aliishi chini yake kama mtu anayeishi chini ya dari inayovuja. Hakuolewa tena, hakuhama, na kwao hakwenda isipokuwa kulala siku moja na kurudi. Alipata kazi ya usafi, ya kupiga deki kwenye jengo la ofisi lenye ukumbi mkubwa. Alifurahi alipoipata. Alimwambia Magoti, "Shemeji, nitakuwa naosha kazi ya mikono yenu."

Magoti alisema vizuri.

Wakati Sista alipouliza ni nani atakayemsimamia mgonjwa huyu mpya, mama alinyoosha mkono kwanza. Lakini macho ya mama yalikuwa na ukungu, kidonge cheupe na cha njano kwake vilikuwa ndugu. Shemeji akasema, "Nitamsimamia mimi." Akaongeza, akimtazama mama mkwe wake, "Huyu sitamwacha."

Basi alikuja kila asubuhi saa tatu, akitoka kazini, mikono ikinuka sabuni ya sakafu. Alikaa kwenye kigoda, akafungua kisanduku cha plastiki, akahesabu vidonge kwenye kifuniko cha chupa. Hakuwa na mzaha na kazi hiyo, ingawa kwa mdomo alikuwa na mzaha mwingi.

"Fungua."

"Nimefungua."

"Inua ulimi."

"Shemeji, nimemeza."

"Inua. Huo ulimi wa fundi una kona nyingi, siuamini."

Akiisha kuridhika ndipo alipochomoa kalamu nyweleni na kupiga alama moja. Moja tu. Hakuwahi kuitanguliza hata kwa pumzi. Visanduku vilivyobaki vilikaa vyeupe mbele yake, na Magoti alivitazama kila siku kama mtu anayetazama namna kazi ile ilivyopaswa kufanywa.

Dawa zilikuwa na tabia zake. Moja ilimchoma nyayo, akawa analala miguu nje ya shuka. Moja ilimpaka rangi. Alikuwa mtu wa maji ya kunde, na kufikia mwezi wa sita alikuwa ameiva hadi weusi wa chungu, mashavu, shingo, viganja kwa nyuma. Watoto wa uani walimwita Mzee Mkaa, naye aliwaitikia. Lakini Timazi ndiye aliyekuwa mweusi kati yao wawili. Asubuhi moja alipokuwa akinyoa, uso uliokuwa kwenye kioo kidogo cha mkono ulimtazama kwa jicho moja lililofinywa, kama mtu anayekagua uzi, na ilimbidi aguse shavu lake ajue ni la nani.

Wiki hiyohiyo mama alikutana naye mlangoni, akainua mkono kwa desturi yake ya kutambua watu kwa vidole. Alimpapasa uso uliokonda. Akausogeza kwenye mwanga, karibu na macho yake yenye ukungu.

"Timazi," alisema, kwa upole kabisa. "Umerudi lini?"

"Ni mimi, mama."

"Ndiyo," mama alisema, mkono ukiwa bado shavuni. "Najua ni wewe." Na hakumtaja ni yupi.

Ilikuwepo pia dawa ile nyingine. Sista alimwonya tangu mwanzo kwamba inaweza kuchezea akili. Kila mwezi, kwenye benchi la kliniki, aliuliza.

"Unaona watu wasiokuwepo? Unasikia sauti?"

"Namsikia mama akikoroma."

"Huyo yupo. Nauliza wasiokuwepo."

"Hapana, Sista."

"Ukisikia, sema. Tunaweza kuibadilisha. Si aibu."

Sista aliandika, akaendelea na mwingine. Shemeji, aliyekuwa ameshika magongo, alimtazama Magoti kwa muda. Alikuwa amemkuta mara mbili mchana ametega sikio kwenye kona tupu.

Magoti hakumwambia Sista kwa sababu hakuwa na hakika. Aliamini kidonge kilifungua mlango tu. Aliyeingia aliingia kwa haki yake. Ko, chini ya dirisha. Ko, hatua moja huku. Miezi ya mwanzo sauti ilihitaji wiki kufika katikati ya chumba. Mwezi wa tisa ilikuwa imefika kwenye mguu wa kitanda, na haikuwa inagonga sakafu tena. Alilala chali, mchana mweupe, akaisikia ndani ya goti lake lenyewe, mbili za haraka na moja iliyochelewa. Kuna mtu aliyekuwa akitafuta mahali penye pengo, naye alijua atapapata.

Simu ilikuja asubuhi ya siku ya kazi, vidonge vikiwa tayari kwenye kifuniko cha chupa. Shemeji aliangalia namba, akatoka nayo kizingitini. Alikuwa ni mdogo wake wa kiume. Magoti alisikia upande mmoja tu.

"Tangu lini? ... Hata uji? ... Anasema nini? ... Hapana, mwambie. Hapana, usimwambie hivyo. Mwambie tu nimesikia."

Alirudi akakaa kwenye kigoda, akaiweka simu mapajani, akakivuta kisanduku cha dawa.

"Fungua," alisema.

"Kuna nini nyumbani?"

"Mama hali tena. Siku ya nne leo. Ananiulizia." Alisema kama anayesoma tangazo. "Fungua mdomo, shemeji, chai inapoa."

"Nenda."

"Siendi."

"Shemeji, mama yako huyo."

"Najua ni mama yangu. Simwachi mgonjwa wa nyumba hii mara mbili."

Magoti aliona shingo yake ilivyokakamaa, na akatafuta neno la kumlegeza, na neno lililomjia mdomoni lilikuja lenyewe, kwa urahisi wa kitu kilichokwishapita njia hiyo.

"Jaza kadi kabisa," alisema. "Wiki mbili. Piga alama zote sasa hivi, niachie vidonge. Mimi nitameza."

Chumba kikawa kimya. Hakuna kilichogonga popote, na kimya hicho ndicho kilichomwogofya, kwa kuwa kilikuwa kimya cha mtu aliyetega sikio.

"Hapana," alisema shemeji. "Safari ile niliitazama kadi, ikaniambia niende. Nikaenda. Kadi haina macho. Mtu ndiye mwenye macho, na mimi ya kwangu niliyapeleka kwetu, nikamwacha mume wangu na karatasi." Aliisukuma simu mfukoni. "Labda aliiruka dawa nilipotoka tu mlangoni. Wanaume ni hivyo, bila mtu wa kuwasimamia wanakuwa watoto. Ningekuwepo angemeza."

Mama alikuwa amesimama katika mlango wa chumba cha pili, mkono kwenye fremu. Haikujulikana tangu lini.

"Mwache," alimwambia mwanawe. "Amejifunza. Ingawa somo lake lilinigharimu mimi."

Shemeji aliinamisha kichwa kidogo, kama anayepokea kitu chake, na hapo Magoti aliona jinsi mwendo ule ulivyozoeleka shingoni mwake, miaka sita ya kuinama vilevile. Mahali fulani mwanamke mzee alikuwa ameacha kula huku akiuliza binti yake yuko wapi. Na binti yake yuko hapa, ameshika kifuniko cha chupa, akilipia kosa ambalo mwenye nalo ameketi mbele yake na mdomo wazi akingoja kidonge.

Akaufunga mdomo.

"Sikumsimamia," alisema.

"Nani?"

"Kaka. Ile kadi niliijaza mimi, tarehe moja. Visanduku vyote siku moja. Kila mwezi nilifanya hivyo. Kama tunavyopiga alama sakafu."

Shemeji alimtazama. "Kisha akameza."

"Miezi miwili. Halafu akawa hamezi. Anaruka."

"Nilipoondoka."

"Hapana. Kabla. Wiki saba au nane kabla hujaondoka. Wakati wa ukumbi."

"Kabla," alirudia shemeji.

"Uliisoma kadi ukaamini. Mtu yeyote angeamini. Mimi nilikuwa nimesimama pale ulipokuwa unaipitisha kidole, na nikakuitikia. Nilikwambia ndiyo, anameza vizuri."

Pale mlangoni mkono wa mama uliteleza kwenye fremu, ukashuka, ukashika hewa, ukashika fremu tena.

"Aliruka siku ngapi?" aliuliza shemeji.

"Sijui."

"Hujui."

"Kadi ilikuwa imejaa. Hakuna wa kujua. Nimejaribu kuhesabu miaka yote hii, siwezi."

Shemeji alikitua kifuniko cha chupa sakafuni taratibu, kidonge kisidondoke. "Na vidonge? Pakiti zilikuwa zikirudi tupu. Niliziona kwa macho yangu."

"Viko chini ya ukumbi."

"Ukumbi upi?"

Shemeji aliuliza huku ameshajua. Uso wake ulitembea juu ya sakafu ile pana, safu kwa safu, kama anavyoitembea kila alfajiri na ndoo na fimbo ya deki.

"Upande wa dirisha," alisema hatimaye. "Safu ya tatu au ya nne. Pale ninapotua ndoo."

"Ya tatu."

"Panalia," shemeji alisema. "Kila nikitua ndoo panalia. Nilidhani ni ndoo."

Hakulia. Magoti alikuwa amejiandaa kwa kilio, kwa tusi, kwa chupa ya maji usoni, na angevipokea vyote. Yeye alikaa tu akiangalia viganja vyake vilivyoparara kwa sabuni. Mama aliuachilia mlango, akajishusha kizingitini akiwa ameshika ukuta, akakaa chini kabisa, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka kwa sababu ya mgongo. Midomo yake ilicheza. Alimgeukia mkwewe, au aligeukia mahali alipodhani mkwewe yupo.

"Mwanangu," alisema, na haikujulikana anamwita yupi kati ya wale wawili, au wa tatu.

Magoti aliyavuta magongo karibu.

"Nitakwenda kwa Sista," alisema Magoti. "Kila asubuhi, kwa magongo. Nitameza mbele yake. Nitamwambia habari ya kaka, wafute walichoandika. Na nitamwambia ninayoyasikia."

"Unayasikia tangu lini?"

"Tangu mwezi wa tatu."

Shemeji alitikisa kichwa, kama mtu aliyekuwa na jibu hilo tayari. Kisha akakiokota kifuniko cha chupa, akakiinua.

"Meza kwanza," alisema.

Alimeza. Kimoja kimoja, kile cha njano, kile kinachopaka rangi, kile kinachofungua mlango, vyote. Alifungua mdomo bila kuambiwa. Aliinua ulimi. Shemeji aliutazama mdomo ule kwa muda mrefu kuliko siku yoyote, kushoto, kulia, chini ya ulimi, na macho yake yalikuwa makavu na mekundu. Alichomoa kalamu nyweleni. Alama ilitoka imepinda, ikagusa mstari wa kisanduku cha kesho bila kuuvuka.

Akaifunika kalamu. Akaiweka kadi juu ya kitanda, upande wa Magoti, pamoja na kisanduku cha plastiki, akavisogeza mbali naye kwa vidole viwili. Alisimama. Kigoda kiliburuzika.

"Unanimwagia haya leo," alisema, "na mama yangu yuko vile. Unataka nini? Unataka nikusamehe?"

Magoti alitikisa kichwa. Alikuwa na jambo moja tu la kutaka, nalo lilikuwa naye tangu simu ilipolia. Alilisema kwa sauti ndogo mno, hata mama pale kizingitini, aliyekuwa akiishi kwa masikio, hakuisikia.

"Nataka umkute mama yako."